Fremu ya meno bandia: isubiwe au ichapishwe? Mwongozo kamili kwa fundi na tabibu wa meno

Bibi mmoja wa Makorora alinirudishia fremu yake, ile mifupa ya chuma inayobeba meno bandia, ikiwa imefungwa ndani ya leso, akaiweka mezani kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hili dude lako linapiga mrama. Nikitafuna upande huu, linanyanyuka upande ule."

Fremu ile haikusubiwa kwangu, yaani sikuimimina mwenyewe kwenye kalibu. Nilipiga skani modeli, nikatuma faili kwenye karakana yenye mashine ya leza, wakaichapisha kwa unga wa krom-kobalti, ikarudi Tanga kwa basi inang'aa. Nilikuwa nimeshapata wa kumlaumu: mashine. Ili nijiridhishe, nikachukua modeli ileile nikasubu fremu ya pili kwa mkono, kama nilivyofundishwa. Zote mbili zilikaa kwenye modeli kama kifuniko kwenye sufuria yake. Zote mbili zikapiga mrama mdomoni, upande uleule.

Kosa lilikuwa langu. Siku ya kuchukua kipimo niliitwa nje, alginati, ule ute wa kuchukulia kipimo, ikakaa mezani karibu saa nzima kabla sijamimina plasta, mchana wa mwezi Machi, na ninyi mnajua joto la Tanga la kabla ya masika. Ilikwisha kunywea. Tangu siku ile, nikiulizwa ipi bora kati ya kusubu na kuchapisha, nauliza kwanza modeli imetoka wapi.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzii kwenye mashine. Nimeuandika kwa fundi mwenye karakana ndogo mkoani, na kwa daktari au tabibu wa meno anayempelekea kazi.

Kidogo kuhusu chuma chenyewe

Tunaita chuma ingawa si chuma. Aloi ya fremu nyingi ni kobalti, takriban asilimia 60 hadi 65, kromi asilimia 25 hadi 30, na molibdeni kama asilimia 5. Kobalti inaipa ukakamavu. Kromi inatengeneza ngozi nyembamba juu ya aloi inayozuia mate kuila. Ukakamavu wake ni kama mara mbili ya titani au dhahabu ya meno, ndiyo maana bamba la kaakaani linaweza kuwa na unene wa nusu milimita tu na bado lisipinde mgonjwa anapotafuna.

Kusubu kwa nta kulikuwako kwa masonara karne nyingi kabla ya William Taggart kukuleta kwenye meno mwaka 1907 kule Marekani. Krom-kobalti ilikuja kushika kazi ya fremu kuanzia miaka ya 1930. Leza ni mgeni wa juzi, lakini aloi anayoitumia ni ya ukoo uleule. Mgonjwa anawekewa kitu kilekile, tofauti ni njia kilichopita.

Hatua ya 1: Kipimo na modeli

Alginati imiminwe plasta ndani ya dakika 15. Ikishindikana, ifunge kwenye kitambaa kilicholowa maji na kukamuliwa, uitie kwenye mfuko wa plastiki, lakini usijidanganye kwamba hapo umenunua saa nzima. Maji ya kukorogea yawe ya baridi: maji ya bomba ya mchana hapa kwetu yanaigandisha alginati kabla hujafika mdomoni. Ukiwa na silikoni, itumie. Inakungoja.

Modeli ya kazi iwe ya plasta ngumu, daraja la 4. Angalia mapovu kwenye vitako vya resti, yale mashimo madogo aliyochonga daktari juu ya meno ili fremu ipate pa kuegemea. Kipovu kimoja hapo kinainyanyua fremu nzima. Na kama vitako havijachongwa kabisa, usianze kazi. Mpigie daktari. Kitako kinataka kina cha milimita 1 hadi 1.5, bila hicho, resti, kile kidole cha fremu kinachokaa humo, inakuwa nene mno na inagongana na jino la juu, au nyembamba mno na inakatika. Najua kumpigia daktari simu kumwambia hajachonga kunahitaji adabu. "Daktari, samahani, naomba unisaidie nafasi kidogo kwenye gego la kwanza kushoto" inafanya kazi kuliko kulalamika.

Kuna jambo wauza skana za mdomoni hulipitia haraka. Mgonjwa aliyeng'oka magego ya nyuma, pande zote mbili au upande mmoja (madaraja ya I na II ya Kennedy), fremu yake inaegemea meno kwa mbele na fizi kwa nyuma. Fizi inabonyea, jino halibonyei. Skana inapiga picha ya fizi ikiwa imepumzika, haioni itakavyokuwa ikikandamizwa. Mgonjwa wa namna hii achukuliwe kipimo kwa trei aliyotengenezewa yeye mwenyewe, pembezoni pakifinyangwa vizuri, modeli imiminwe, halafu modeli ndiyo ipigwe skani. Mwenye pengo lenye jino mbele na nyuma, skana ya mdomoni inamtosha.

Hatua ya 2: Sevea na muundo

Weka modeli kwenye sevea, kile kifaa cha kupimia mwelekeo wa meno, hata kama kompyuta ndiyo itakayochora. Kompyuta itakupaka rangi nzuri kuonyesha andakati, yaani pale jino linapoingia ndani chini ya tumbo lake. Haitakuambia kwamba jino lile linalegea na lisiwekewe klaspu, ule mkono wa fremu unaolishika jino. Hilo unalijua wewe na daktari.

Vipimo vya kushika kichwani, njia yoyote utakayofuata:

- Ncha ya klaspu ya krom-kobalti iingie kwenye andakati milimita 0.25. Ukienda 0.5, klaspu itang'ang'ania na siku moja itapinda au kukatika. Hiyo 0.5 iachie klaspu ya waya.
- Upau wa taya la chini, unaounganisha pande mbili za fremu nyuma ya meno, uwe na kimo cha milimita 4, ukae angalau milimita 3 chini ya ukingo wa fizi. Ukijumlisha na sakafu ya mdomo inayopanda ulimi unaponyanyuka, unahitaji nafasi ya milimita 7 hadi 8. Haipo? Weka bamba badala ya upau.
- Taya la juu, ukingo wa bamba ukae milimita 6 mbali na fizi za meno, na ukanda wa kaakaa usipungue upana wa milimita 8.

Chora kwa penseli kwenye modeli. Piga picha. Mpelekee daktari akubali kabla ya jambo lolote, kwa sababu kuanzia hapa kila kosa linagharimu chuma.

Hatua ya 3: Ukisubu

Hii ndiyo njia niliyokulia nayo, nitaikalia zaidi.

Kwanza unaziba kwa nta andakati zote usizozitaka, na unalaza karatasi ya nta juu ya fizi ya pengo ili baadaye akriliki, ile plastiki ya kushikia meno, ipate pa kupita chini ya wavu wa fremu. Halafu unaidurufu modeli kwa agari au silikoni, na humo unamimina investimenti ya fosfati, unga wa kutengenezea kalibu unaostahimili moto. Hiyo ndiyo modeli ya moto. Unaikausha tanurini kwenye nyuzi kama 250, unaichovya kwenye kigumishi, kisha unajenga fremu ya nta juu yake.

Sababu ya kuhangaika na modeli ya pili ni kwamba krom-kobalti ikipoa kutoka kwenye uji hadi kuwa ngumu inasinyaa karibu asilimia 2.3. Piga hesabu: kati ya gego na gego kwenye kaakaa kuna kama milimita 50, basi fremu inajivuta kwa zaidi ya milimita 1. Isipofidiwa, haiingii mdomoni. Fidia inatoka kwenye investimenti, inayotanuka inapoganda na tena inapochomwa. Unairekebisha kwa ule umajimaji wake maalumu: ukizidisha umajimaji na kupunguza maji safi, inatanuka zaidi, ukiongeza maji, inatanuka kidogo. Kila pakiti ina karatasi yake yenye vipimo. Ifuate mara ya kwanza, kisha rekebisha kwa matone, ukiandika.

Hapa pwani kuna adui mwingine, unyevu. Pakiti ya investimenti ikifunguliwa na kuachwa mdomo wazi wiki moja, inaganda vingine na kutanuka vingine. Mimi naihifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana, na umajimaji unakaa kabatini penye ubaridi. Usiutie kwenye friza, ukiganda barafu umekwisha.

Mifereji ya kupitishia chuma iwe minene, milimita 3 hadi 4, iungwe pale fremu ilipo nene, isiungwe kwenye klaspu. Chuma kinapoa kuanzia kwenye wembamba. Kama unene hauna mfereji wa kuulisha, unabaki na tundu ndani usiloliona. Pima nta yote pamoja na mifereji, zidisha kwa 9, ongeza kidogo cha kitako, kile kibonge cha chuma kinachobaki juu ya mifereji. Nta ya gramu 2.5 inataka gramu 22 na ushee.

Kuchoma nta ndipo uvumilivu unapopimwa. Panda polepole hadi nyuzi 250 au 300, tulia. Panda tena hadi kama 570, tulia. Kwenye vituo hivyo silika iliyomo inabadilika umbo kwa ghafla, na ukipita mbio ringi, yaani kalibu nzima ya investimenti uliyoifunikia nta, inapasuka. Kisha panda hadi 950 au 1000, tulia tena mpaka joto lifike katikati ya ringi.

Umeme ukikatika katikati je? Kama tanuri bado lina joto na umeme umerudi baada ya dakika chache, endelea. Ringi ikishapoa kabisa, itupe. Mimi mwaka fulani nilikatikiwa nikiwa nyuzi 700, usiku, nikaenda kulala. Asubuhi nikaona ringi nzima, haina ufa, nikairudisha tanurini. Fremu ikatoka na mapezi kama samaki changu: chuma kilikuwa kimepenya kwenye nyufa ndogo ambazo jicho halikuziona. Siku nzima ya kuunda nta ikaenda na gramu zangu 20 na kitu za aloi. Sasa nachoma alfajiri, na sichomi bila kujua ratiba ya matengenezo ya umeme mtaani.

Kuyeyusha: aloi hii inaanza kulainika baada ya nyuzi 1300 na inamiminika kati ya 1400 na 1500. Kwa mwali wa oksijeni na asetilini, angalia pembe za vipande. Zikishajikunja na kipande cha mwisho kimeporomokea wenzake, achia mashine izunguke. Usisubiri ing'ae kama kioo, hapo umeshaiunguza. Mwali wenye asetilini nyingi unaingiza kaboni kwenye aloi, na klaspu inakuwa kavu kama biskuti.

Halafu iache ipoe yenyewe mpaka uishike kwa mkono. Usiichovye majini.

Vitako vya chuma vilivyobaki vinaweza kuyeyushwa tena mara moja, vikichanganywa na aloi mpya isiyopungua nusu, na baada ya kupigwa mchanga vikawa safi. Klaspu nyembamba mimi nazimiminia aloi mpya tupu.

Hatua ya 4: Ukichapisha

Modeli inapigwa skani, fremu inachorwa kwenye programu, andakati zinazibwa kwa kubofya. Hapa hakuna kudurufu, hakuna modeli ya moto, hakuna nta inayolegea kwa joto la mchana. Hatua tatu ambazo kila moja ingeweza kuleta kosa zimeondoka. Hiyo ndiyo faida kubwa ya njia hii, kuliko hata kasi.

Mashine inatandaza unga wa aloi, chembe zake zina mikroni 10 hadi 45, tabaka moja lina unene wa mikroni 20 hadi 50. Leza inayeyusha pale tu palipochorwa, bamba linashuka, unga unatandazwa tena. Yote yanafanyika ndani ya chumba kilichojaa agoni au naitrojeni, oksijeni isiingie. Fremu nyingi zinachapwa kwa mkupuo mmoja, na kazi hiyo inachukua saa kadhaa.

Kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui kwa sababu hawalioni. Kila nukta ya tabaka inayeyuka na kuganda kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, tabaka likiganda linajivuta, likijivuta linalivuta tabaka la chini. Ni kama mkeka ambao msusi ameukaza mno: ukiwa umeshikiliwa sakafuni umenyooka, ukiuachia pembe zinajikunja. Fremu ikiwa bado imeshikamana na bamba la mashine imenyooka. Ikikatwa bila kupashwa moto kwanza, inajikunja. Ndiyo maana ni lazima iingie tanurini pamoja na bamba lake, ndani ya gesi, kwa joto na muda aliouweka mtengenezaji wa unga, na ndipo ikatwe.

Mashine hii si ya fundi mmoja wa Ngamiani. Gharama yake, gesi yake, uchujaji wa unga wake, na umeme usioruhusiwa kukatika, vinaifanya iwe ya karakana kubwa. Kwako wewe "kuchapisha" maana yake ni kutuma faili. Basi kabla hujatuma ya kwanza, waulize haya, na wakisita kujibu tafuta wengine:

Aloi ina cheti cha ISO 22674 (kiwango cha kimataifa cha metali za meno), aina ya 5? Hiyo ndiyo aina ya fremu zenye sehemu nyembamba na klaspu: isipinde moja kwa moja chini ya megapaskali 500, ivutike angalau asilimia 2 kabla ya kukatika, ukakamavu usipungue gigapaskali 150. Mnaipasha moto kabla ya kuikata kwenye bamba? Vijiti vya kuegemeza mnaviweka upande gani? (Jibu sahihi ni upande wa nje, unaong'arishwa, upande unaogusa meno na fizi ubaki bila kovu.) Fremu isipokaa kwenye modeli niliyopiga skani, nani anabeba gharama?

Swali la mwisho ulize kwa maandishi.

Kwenye mchoro wako ongeza kama mikroni 100 kwenye sehemu zitakazosagwa, maana fremu iliyochapwa inatoka na ngozi ya msasa. Usiongeze upande wa ndani.

Njia ya katikati

Ambayo ndiyo ninayoitumia zaidi, kusema kweli. Unachora kwenye kompyuta, unachapa fremu ya resini inayoungua kwa printa ndogo ya mezani, halafu unaisubu mwenyewe. Unapata usahihi wa mchoro bila kudurufu modeli, na chuma unakimwaga Tanga.

Ina mitego miwili. Resini nyembamba haina modeli ya kuilalia, inajikunja. Chora vijiti vya kuunganisha kulia na kushoto, ioshe kwa alkoholi, ikauke vizuri, iive kabisa kwenye taa yake, ijaribu kwenye modeli, na uimwagie investimenti siku hiyohiyo. Usiiache dirishani. Mtego wa pili: resini haiyeyuki kama nta, inavimba kwanza ndipo iungue. Panda polepole zaidi kwenye nyuzi 300 za mwanzo, na tulia zaidi juu, la sivyo utapata ringi iliyopasuka au majivu yaliyokwama kwenye ncha ya klaspu.

Tofauti zenyewe ni zipi?

Kukaa mdomoni: tafiti za kulinganisha hazijaungana kumtaja mshindi mmoja. Kwa jumla njia zote mbili zinatoa fremu zinazokubalika kwa mgonjwa. Kusubu kunategemea mkono wako na investimenti yako. Kuchapisha kunategemea fremu ililazwaje kwenye mashine na ilipashwaje moto. Fundi mzuri wa kusubu anashinda karakana mbaya ya leza, na kinyume chake.

Uimara: iliyochapwa ina chembe ndogondogo zilizobanana kwa sababu iliganda haraka, hivyo ni ngumu zaidi na haipindi kirahisi. Iliyosubiwa ina chembe kubwa na hatari ya matundu ya ndani. Lakini ugumu una bei yake: iliyochapwa ni kazi zaidi kuisaga, na klaspu ikikaa vibaya usijaribu kuikunja kwa koleo ukitegemea itakusamehe.

Ukivunjikiwa, faili ipo. Unachapa nyingine bila kumwita mgonjwa kuchukua kipimo upya. Kwa mzee anayetoka Pangani au Horohoro, nauli hiyo ni kitu.

Titani sikushauri uisubu kabisa. Inayeyuka kwenye nyuzi 1668 na ikiwa uji inashikana na kila kitu, hewa na kalibu pia. Mgonjwa akihitaji titani, ichapishwe.

Hivi ndivyo ninavyoamua mimi. Pengo rahisi lenye meno pande zote, modeli safi, mgonjwa hana haraka: natuma faili ichapwe. Taya la chini lisilo na magego, lenye fizi laini: njia ya katikati au kusubu, maana nataka fremu iwe mikononi mwangu nikiijaribu. Klaspu nyembamba ndefu za mbele: nasubu na aloi mpya. Kazi ya haraka ya mgeni anayesafiri Jumamosi: nasubu, basi la mizigo halina uhakika.

Hesabu ya fedha ifanye kwa fremu moja iliyokubalika, usiifanye kwa fremu moja iliyotengenezwa. Kwa kusubu andika aloi pamoja na ya kitako, investimenti, gesi, umeme wa tanuri, saa zako. Kwa kuchapisha andika bei yao, usafiri, na saa zako za kuchora na kung'arisha. Kisha gawa kwa zilizokubaliwa na daktari katika miezi mitatu. Mimi nilipofanya hivyo niligundua nilikuwa silipi saa zangu mwenyewe.

Vumbi

Hili halina njia bora. Zote mbili zinasagwa, na vumbi la kobalti linaumiza mapafu. Umoja wa Ulaya uliiweka kobalti kwenye orodha ya vitu vinavyoweza kusababisha saratani, sheria ikaanza kutumika Oktoba 2021. Investimenti nayo ni silika: ukiikoroga kavu au kuvunja ringi bila maji, unavuta kile wachimba migodi wanachokikimbia. Lowesha ringi kabla ya kuivunja, weka kivuta vumbi mezani, vaa barakoa ya vumbi laini. Ile ya kitambaa ya wakati wa korona haizuii kitu hapa. Aloi za zamani za nikeli zisizo na karatasi uzikatae, baadhi zilikuwa na beriliamu.

Hatua ya 5: Kuisafisha na kuikalisha

Piga mchanga wa aluminiamu oksidi mikroni 110 hadi 250. Kata mifereji au vijiti, saga kwa jiwe, piga msasa, kisha ing'arishe kwa umeme ndani ya asidi yake. Umeme unakula kila mahali, hata ncha za klaspu, basi zipake nta kabla. Upande wa fizi usiung'arishe kwa brashi ukapoteza mistari yake.

Ikalishe kwenye nakala ya modeli, si modeli yenyewe. Fremu ya krom-kobalti inakwangua plasta, na baada ya kuilazimisha mara tatu itakaa vizuri kwenye modeli uliyoiharibu mwenyewe. Paka wino mwembamba upande wa ndani, ikandamize, saga palipochubuka, kidogo kidogo.

Mdomoni, kabla ya meno kupangwa, mwombe daktari afanye jaribio hili: silikoni nyepesi ipakwe chini ya resti zote, fremu ikandamizwe kwa vidole juu ya resti pekee, isikandamizwe kwenye wavu wa nyuma, isubiriwe igande. Ikitolewa, silikoni chini ya resti iwe nyembamba mpaka chuma kionekane. Palipo nene, resti haijafika. Palipo na chuma kitupu ubavuni mwa jino, hapo ndipo panapozuia.

Kwa bibi wa Makorora tulianza upya: silikoni, trei yake mwenyewe, plasta ya daraja la 4, fremu ya resini, chuma nikakimwaga mwenyewe. Jaribio likaonyesha kidoa kimoja kitupu ndani ya gego la kulia, kidogo kuliko punje ya ulezi. Daktari akakisaga. Bibi akabana, akafungua, akabana tena, akahamisha ulimi kulia na kushoto.

"Sasa meno yenyewe lini?"

Nikamwambia Alhamisi.